Mwalimu Nyerere na Katiba ya Jamhuri Changa



Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere tunamfahamu kwa mengi: Azimio la Arusha, vita vya Kagera, Misa ya kila siku na rozari mkononi. Katika makala hii naomba tumtazame kwa upande usiozungumzwa sana vigangoni wala madarasani, yaani jinsi alivyofikiri na alivyoamua kuhusu vyama vya siasa na Katiba katika miaka ya mwanzo ya nchi yetu. Nchi bado inabishana juu ya Katiba, na hoja nyingi tunazozisikia leo zilianza kusemwa kati ya mwaka 1958 na 1965. Tena, mchakato wa kumtangaza mwenye heri, ulioanzia Jimbo la Musoma, unatudai tumfahamu mtu mwenyewe alivyokuwa, na si ile picha ya ukutani tu. Sisi tunaosoma falsafa sasa tumezaliwa yeye akiwa ameshafariki, na ni rahisi kwetu kurithi picha.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake ni Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, na mama yake, Mugaya wa Nyang'ombe, alikuwa mmojawapo wa wake wengi wa mtemi. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaenda Tabora, kisha Makerere. Alibatizwa Nyegina mwezi Desemba 1943, akiwa tayari mwanachuo. Baada ya Makerere, Padre Richard Walsh wa Wamisionari wa Afrika alimkaribisha kufundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, na kutoka hapo akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949.

Masomo ya Edinburgh yanafaa kutajwa, maana ndiyo ufunguo wa mengi yaliyofuata. Pamoja na historia na uchumi alisoma falsafa ya maadili na sheria ya katiba. Kwa hiyo mtu huyu alipokuja kukataa baadhi ya mambo ambayo wanasheria huyaona kuwa nguzo za katiba, hakuyakataa kwa kutoyajua. Alikuwa ameyasoma na kuyafanyia mitihani. Alirudi mwaka 1952, akafunga ndoa na Maria Magige mwaka 1953, akafundisha Pugu, na tarehe 7 Julai 1954 akaongoza kugeuzwa kwa TAA kuwa TANU. Mwezi Machi 1955 aliacha ualimu ili afanye kazi ya chama.

Chama cha upinzani cha kwanza Tanganyika kilitoka upande wa wakubwa. Mwaka 1956 kiliundwa chama cha UTP, kwa kuungwa mkono na Gavana Edward Twining, kikihubiri kwamba Waafrika, Wahindi na Wazungu wagawane madaraka sawasawa, ingawa Waafrika walikuwa karibu watu wote wa nchi. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ukapangwa kwa msingi huohuo. Kila mpiga kura alilazimika kupiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mhindi, moja kwa Mzungu. Asiyepiga zote tatu, kura yake iliharibika. Juu ya hapo paliwekwa masharti ya elimu na kipato, ambayo wengi hawakuyatimiza.

TANU ilikutana Tabora Januari 1958 kuamua kama ishiriki au isusie. Wengi waliingia ukumbini wakitaka kususia. Nyerere aliwashawishi washiriki, kwa hoja kwamba kususia kungeiachia UTP uwanja mtupu, na kwamba mlango mbovu nao ni mlango. Hoja yake ilishinda, lakini haikumridhisha kila mtu. Zuberi Mtemvu, aliyekuwa mmoja wa watendaji wa TANU, alitoka na kuanzisha chama chake, African National Congress. Chama hicho kilidai Tanganyika iwe ya Waafrika peke yao. Msomaji amkumbuke Mtemvu, tutakutana naye tena.

Mwaka huohuo Nyerere alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali ya kikoloni katika gazeti la chama, akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Alilipa faini. Huku kwetu nako hapakuwa kimya. Wafanyakazi wa shamba la katani la Mazinde, jirani tu na Mombo, waligoma mwaka huo wa 1958, na mgomo wao ulijulikana nchi nzima. Vyama vya wafanyakazi vya mashamba ya katani, bandari na reli vilikuwa na nguvu halisi katika ukanda huu wa Tanga, na viongozi wake hawakuwa watu wa kupokea amri kutoka kwa yeyote, hata TANU. Hili nalo tulishike.

UTP ilishindwa vibaya ikafa. Katika uchaguzi wa Agosti 1960, viti vilikuwa 71. TANU ilipata 70. Kile kimoja, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, ambaye naye alikuwa mwana-TANU aliyesimama kumpinga mgombea rasmi wa chama chake. Tena, katika majimbo 58 hapakuwa na mpinzani hata mmoja, kwa hiyo wananchi wa huko hawakupiga kura kabisa. Watu walishangilia ushindi. Nyerere naye alishangilia, ila takwimu hizo zilimkaa kichwani, na baadaye alizitumia kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia.

Kabla ya hapo kuna jambo moja la Oktoba 1961 ambalo kwangu ni miongoni mwa makubwa aliyoyafanya maishani. Bunge lilikuwa likijadili sheria ya uraia. Baadhi ya wabunge wa chama chake mwenyewe walitaka uraia uwe wa Waafrika tu, na Wahindi na Wazungu wabaki wageni. Nyerere alisimama akawaambia, kwa hasira ambayo hakuionesha mara nyingi, kwamba kuanza kuwagawa watu kwa rangi ni kufuata njia ya Hitler na ya makaburu, na kwamba serikali yake ingejiuzulu kama Bunge lingekataa msimamo huo. Wakati ule maneno hayo hayakumpa kura za ziada. Angeweza kukaa kimya. Hapa tunamwona akishikilia kwamba utu wa binadamu uko juu ya wingi wa kura, na Mkristo anajua fundisho hilo linatoka wapi.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Wiki sita baadaye, Januari 1962, Nyerere aliacha Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda mikoani kujenga chama na kuandika. Ndipo ulipoanza mwaka mzito kuliko yote katika habari ya Katiba yetu.

Katiba ya Uhuru ilikuwa ya mtindo wa Uingereza, yenye Malkia na Gavana Mkuu. Serikali ilitaka Jamhuri. Bunge lilijigeuza kuwa Bunge la Katiba, likapitisha Katiba mpya mwishoni mwa 1962. Rais alipewa madaraka ya utendaji yote, na Katiba ilisema wazi kwamba halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote. Hati ya haki za raia haikuwekwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili kubwa: kwamba majaji wengi bado walikuwa wageni, na kuwapa uwezo wa kufuta sheria za Bunge ni kuiweka nchi mikononi mwao, na kwamba nchi maskini yenye haraka ya kuendelea isifungwe miguu kwa mashauri ya mahakamani. Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyomruhusu Rais kumfungia mtu bila kumfikisha mahakamani. Sheria iliyokaza migomo ya wafanyakazi ikapita pia, hata mgomo kama ule wa Mazinde haukuwezekana tena kihalali.

Uchaguzi wa Rais ulifanyika Novemba 1962. Nyerere alipata kura 1,127,978. Mpinzani wake alikuwa Zuberi Mtemvu, aliyepata 21,276, chini ya kura mbili katika kila mia.

Binafsi sipendi alichokihubiri Mtemvu. Kama chama chake kingeshika nchi, ule mjadala wa uraia ungeishia pabaya. Lakini swali la kifalsafa halihusu kama Mtemvu alikuwa na hoja nzuri. Linahusu wale watu 21,276: je, walikuwa na haki ya kuendelea kuwapo kama chama, hata kama wamekosea? Mwingine aliyejaribu ni Christopher Kasanga Tumbo, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa reli, watu waliogoma kwa muda mrefu mwaka 1960 kwenye njia zilezile zinazopita Korogwe na Mombo. Serikali ilimpeleka London kuwa balozi. Alijiuzulu, akarudi, akaanzisha chama cha upinzani. Hakikufika mbali, na yeye mwenyewe baadaye aliwekwa kizuizini.

Nyerere alijibu swali hilo kwa maandishi, katika kijitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu demokrasia na mfumo wa vyama. Hoja yake si ya kubeza. Alisema vyama viwili vya Uingereza na Marekani vilizaliwa na mgawanyiko wa matabaka na maslahi, tajiri upande huu na fukara upande ule. Tanganyika haikuwa na mgawanyiko huo. Ilikuwa na chama kimoja kilichopigania uhuru na kubeba karibu watu wote. Kulazimisha chama cha pili ni kutengeneza ugomvi usiokuwapo, na katika nchi ya makabila zaidi ya mia moja ugomvi huo ungeshika njia ya kabila au dini. Kisha akaja na zile takwimu za 1960: kama mgombea wa TANU hapingwi, mwananchi hachagui mbunge, chama ndicho kinachomchagulia. Hiyo, kwa maoni yake, haikuwa demokrasia hata kidogo. Dawa aliyopendekeza ni kufungua milango ya TANU kwa wote na kuwaacha wanachama washindane humo ndani, mbele ya wananchi.

Wamarekani nao walipitia swali hili jamhuri yao ilipokuwa changa. George Washington aliviogopa vyama, akawaonya wenzake juu yake alipoaga mwaka 1796, lakini tayari mawaziri wake wawili, Hamilton na Jefferson, walikuwa wameshazaa vyama viwili kutokana na mabishano yao. Mwaka 1798 wafuasi wa Hamilton walipitisha sheria ya kuwaadhibu walioandika vibaya juu ya serikali, wakadhani wameokoa taifa. Miaka miwili baadaye walishindwa uchaguzi, wakaondoka. Tofauti na kwetu ni kwamba Wamarekani walikuwa wameshaweka hati ya haki za raia mwaka 1791, na chama cha Jefferson kilikuwa bado hai siku ya kura.

Januari 1963 TANU iliamua kwamba Tanganyika itakuwa nchi ya chama kimoja. Mwaka mmoja baadaye, siku chache tu baada ya maasi ya askari ya tarehe 20 Januari 1964, Rais alitangaza kuunda Tume chini ya Kawawa. Tume ilizunguka nchi ikakusanya maoni ya watu. Lakini ni muhimu kujua haikuulizwa nini. Haikuulizwa kama nchi iwe na chama kimoja au vingi. Hilo lilikuwa limeshaamuliwa. Iliulizwa tu namna ya kuifanya nchi ya chama kimoja iwe ya kidemokrasia. Mtu anaweza kuuliza maswali mazuri sana huku swali moja likiwa limefungiwa kabatini.

Taarifa ya Tume ilitoka mwaka 1965, ikazaa Katiba ya Muda ya mwaka huo. Tume ilikataa tena hati ya haki za raia, ikisema ingegombanisha mahakama na serikali. Badala yake ilipendekeza chombo cha kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya wakubwa, na kikaundwa kweli: Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya aina yake Afrika. Chombo hicho kilisaidia wengi, ila hakikuweza kumlazimisha Rais.

Uchaguzi wa Septemba 1965 unastahili sifa zake. Karibu katika kila jimbo wagombea wawili wa TANU walisimama, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Walitembea pamoja na kuhutubia mikutano ileile, na ilikatazwa kuomba kura kwa jina la kabila, dini au rangi. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu mwenye jina Usukumani kuliko karibu wote, aliangushwa. Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, alichaguliwa Morogoro na Waafrika. Aliyekuwa anadhani chama kimoja ni mchezo wa kuigiza alilazimika kufikiri upya. Hapa hoja ya Nyerere ilionekana ina miguu ya kusimamia.

Udhaifu ulionekana mahali pengine. Mwaka 1968 wabunge kadhaa, akiwemo Joseph Kasella-Bantu, walifukuzwa TANU na wakapoteza ubunge papo hapo, ingawa waliowachagua hawakuwa wamewakataa. Pamoja nao alifukuzwa Oscar Kambona, aliyekuwa rafiki na mwenzake wa karibu Nyerere tangu mwanzo, na wakati huo alikuwa ameshakimbilia Uingereza. Kwa hiyo uhuru wa kusema ndani ya chama ulikuwa na mpaka, na mpaka huo ulichorwa na walewale waliokuwa wakisemwa. Wengine walikaa kizuizini bila kesi kwa miaka. Familia zao zilikuwa na ndugu, na wengi wao walikuwa wanasali katika makanisa na misikiti yetu. Nadhani hatumheshimu Mwalimu kwa kulipita jambo hili haraka.

Watemi nao walienda. Mwaka 1963 serikali ilifuta madaraka yao nchi nzima, na utawala wa Wakilindi pale Vugha, juu ya milima tunayoiona kutoka Mombo, ukaisha kisheria baada ya zaidi ya karne mbili. Walikuwapo Washambaa waliofurahi na walikuwapo waliosikitika. La kukumbuka ni kwamba Nyerere hakuwaondoa watemi wa watu wengine tu. Kaka yake, Edward Wanzagi, alikuwa mtemi wa Wazanaki.

Aristotle anauliza katika kitabu chake cha Siasa kama ni heri kutawaliwa na mtu bora au na sheria bora. Naona jibu la Nyerere wa miaka ya 1960 lilikuwa ni mtu bora, au tuseme, maadili bora ya viongozi. Aliamini kwamba ulinzi wa raia uko katika dhamiri ya taifa zaidi kuliko katika karatasi. Ndiyo maana alihangaika sana na elimu na miiko ya uongozi, na ndiyo maana mwenyewe aliishi kwa kiasi, akaondoka madarakani bila mali. Anakumbukwa pia kwa kukiri kwamba Katiba aliyokuwa nayo ilimpa uwezo wa kuwa dikteta kama angetaka. Kukiri kwake ni kwa kweli, na kunatisha, maana Katiba hiyohiyo ilikuwa inamsubiri yeyote atakayekuja baada yake. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba serikali ipangwe kwa namna itakayomnyima mfalme nafasi ya kuwa dhalimu, na hasemi kwamba mfalme mwema hahitaji mpango huo.

Hati ya haki za raia iliingia katika Katiba mwaka 1984, Nyerere akiwa bado Rais. Mwaka 1985 alimpisha Ali Hassan Mwinyi. Kisha, mwanzoni mwa 1990, akiwa bado Mwenyekiti wa CCM, alishtua chama chake kwa kusema hadharani kwamba kujadili vyama vingi si dhambi. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipouliza wananchi mwaka 1991, karibu wanane katika kila kumi walitaka chama kimoja kiendelee. Nyerere aliunga mkono mabadiliko hata hivyo. Alieleza kwamba chama kilichokaa bila mpinzani kimelegea, na kwamba wale wawili katika kumi wasisubiri hadi wawe wengi ndipo wasikilizwe. Hesabu ya 1962 aliisoma sasa kwa jicho jingine.

Bunge lilipitisha sheria, na vyama vikaanza kusajiliwa kuanzia Julai 1992. Miongoni mwa walioanzisha vyama alikuwamo Chifu Abdallah Fundikira, Waziri wa Sheria wa miaka ya mwanzo aliyejiuzulu mwaka 1963. Kambona alirudi nyumbani mwaka huohuo wa 1992 naye akaingia katika siasa za vyama. Nyerere aliendelea kubishana na serikali, na mwaka 1993 akaandika kitabu kizima kuwakosoa viongozi wa chama chake waliotaka kuvunja muundo wa Muungano. Alikuwa mwananchi wa kawaida, hana cheo, na hakuna aliyemweka kizuizini.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu. Mwili uliletwa Dar es Salaam, watu wakapanga foleni usiku na mchana kumuaga, kisha akapelekwa Butiama akazikwa kwenye ardhi ya baba yake.